Mwenye Mvua na Mwenye Kalamu: Msanii na Mwanasiasa katika Milima ya Usambara

Katika milima ya Usambara tofauti kati ya msanii na mwanasiasa inaweza kuchunguzwa kwa ushahidi wa zaidi ya miaka 150, kwa sababu eneo hilo lilikuwa na dola iliyosimama juu ya ridhaa ya watu wake, lilipata mwandishi aliyeiandika historia ya dola hiyo kwa Kiswahili wakati kumbukumbu zake zilikuwa bado mbichi, na hadi leo linaendelea kutoa viongozi, waimbaji na wacheza ngoma ambao umma unawapima kwa vipimo visivyofanana. Mwanasiasa, kwa maana inayokusudiwa katika mazungumzo haya, ni mtu yeyote anayeshika au kutafuta mamlaka ya kuamua mambo ya wengi, awe mfalme wa Vuga, waziri wa serikali au mbunge wa jimbo. Msanii ni yule anayefanya kazi ya ubunifu kwa maneno, sauti, mwili au umbo, awe mtambaji wa hadithi, malenga, mwandishi wa vitabu au mwimbaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wawili hao hawatofautiani kwa kuwa mmoja yu huru na mwingine amefungwa, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali hutofautiana kwa wakati wanaodaiwa hesabu: mwanasiasa hudaiwa matokeo akiwa bado kitini, ilhali msanii anaweza kuingoja hukumu kwa miaka mingi, hata baada ya kuzikwa, na uwezo huo wa kungoja ndio kiini cha uhuru wake.

Mfalme wa Wasambaa, aliyekaa Vuga, makao makuu ya dola hiyo, na kuitwa Simba Mwene, alikuwa na mamlaka ambayo kwa mtazamo wa juu juu hayakuwa na mpaka, kwani alipokea kodi, aliamua kesi kubwa na aliweka watoto wake kuwa watawala wa wilaya za dola yake. Hata hivyo mamlaka hayo yalifungwa na sharti moja zito, nalo ni mvua. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi miongoni mwa Wasambaa na kuchapisha vitabu viwili vikubwa juu yao, kimoja mwaka 1974 na kingine mwaka 1990, anaeleza kwamba fikra za kisiasa za Usambara zilizunguka dhana mbili za Kisambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi ili mvua inyeshe, migomba izae na watoto wakue, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi hadi njaa iingie. Iliaminika kwamba mfalme mwenye nguvu isiyo na mpinzani huiponya nchi, kwa kuwa nchi ni mali yake na hana sababu ya kuiharibu, lakini nguvu zinapopambana na nguvu nyingine mvua huzuiwa na wakulima ndio wanaoteseka. Kwa imani hiyo, ukame haukuwa bahati mbaya tu inayompata mtawala. Ulikuwa ushahidi dhidi yake. Watu hawakusubiri vizazi vijavyo vimhukumu mfalme, maana msimu mmoja wa mahindi yaliyokauka ulitosha kuanzisha minong'ono.

Ndiyo maana historia ya wafalme wa Vuga ni pia historia ya watu waliokuwa na nguvu nyingi na nafasi ndogo. Kimweri ye Nyumbai, ambaye enzi yake iliteremka kutoka milimani hadi kukaribia pwani na ambaye alitembelewa na mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1848 na baadaye na Richard Burton na John Hanning Speke mwaka 1857, aliheshimiwa hadi uzeeni, lakini alipofariki mwaka 1862 ridhaa iliyokuwa imejengwa juu ya jina lake haikurithiwa pamoja na kiti. Mjukuu wake Shekulwavu alipewa Vuga. Semboja, mwana wa Kimweri, aliyejikita Mazinde tambarareni kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani, alikuwa na bunduki na biashara, na kwa nguvu hizo alimwondoa Shekulwavu na kumweka mtoto wake mwenyewe mahali pake. Vita vilivyofuata viligeuza watu wengi wa milimani kuwa bidhaa ya soko la watumwa. Semboja alikuwa na uhuru mkubwa wa kutenda kuliko mfalme yeyote aliyemtangulia, kwa kuwa bunduki hazihitaji mvua wala shukrani za wakulima, na ni katika mikono yake ndipo ilipoonekana wazi kwamba mwanasiasa aliyejiweka huru na ridhaa ya watu wake huwa msiba kwao. Kwa mwanasiasa, kufungwa ni sehemu ya kazi, na kamba inayomfunga haipaswi kulegezwa.

Upande wa msanii una sura nyingine, na hapa hadithi ya Mbegha inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa hakuna kazi ya sanaa iliyotambwa zaidi katika milima hiyo. Mbegha, mwasisi wa Wakilindi, yaani ukoo wa wafalme wa Vuga, anasimuliwa kuwa mwindaji kutoka nchi ya Nguu aliyezaliwa kigego, yaani mtoto ambaye meno yake ya juu yalitangulia kuota na ambaye kwa desturi za wakati huo alihesabiwa kuwa mkosi. Aliponyimwa urithi alikimbia na mbwa wake, akapanda milima akiwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akabadilishana nyama kwa vyakula vya wakulima, akamuua simba, na mwishowe Wasambaa wakamwomba awe mtawala wao. Hadithi hiyo ilitambwa kwa faida ya Wakilindi, na hakuna shaka kwamba watawala waliipenda, kwa sababu inaonyesha kwamba ukoo wao haukuinyakua nchi bali ulikaribishwa. Lakini mtambaji alifanya jambo ambalo huenda watawala wenyewe hawakulipima kwa kina: aliweka ndani ya sifa hizo kipimo cha kuwahukumia. Ikiwa Mbegha alipewa nchi kwa kuwa aliwalisha watu, akawaondolea wanyama waharibifu na kuamua magomvi yao kwa haki, basi kila Mkilindi aliyekula bila kulisha, aliyeleta uharibifu badala ya kuuondoa, alikuwa amejivua haki ileile ambayo hadithi ilimpa. Kila utambaji wa sifa za mwasisi uliwakumbusha wasikilizaji deni la warithi wake. Sanaa inayoonekana kuwa ya kumtumikia mtawala inaweza kumfunga zaidi kuliko sanaa ya matusi, na hiyo ni nguvu ambayo wasanii wa leo wanaoalikwa kuimba sifa wangefaa kuitafakari upya.

Mtu aliyeihifadhi hadithi hiyo kwa maandishi ni Abdallah bin Hemedi, mtunzi wa kitabu cha Habari za Wakilindi. Hakuwa Mkilindi; alikuwa mtu wa pwani aliyejua kusoma na kuandika, aliyeishi kwa muda mrefu katika mazingira ya watawala hao na kumtumikia Semboja, kisha akashika madaraka chini ya utawala wa Kijerumani. Kitabu chake kilichapwa kwa sehemu na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1962 kilitolewa upya na East African Literature Bureau kikiwa kimehaririwa na J.W.T. Allen. Ni kazi yenye mazungumzo, vitimbi, mashauri ya usiku na hila za kugombea urithi, na ingawa wanahistoria huipima kwa tahadhari kama wanavyopima ushahidi wowote, mpangilio wa matukio yake na uhai wa wahusika wake vinaonyesha mkono wa msanii, mbali na kazi ya karani. Katika maisha ya mtu huyu mmoja hali zote mbili zilikutana. Akiwa mtumishi wa watawala, aliamriwa, alitumwa, alilazimika kuangalia uso wa mkubwa kabla ya kusema. Akiwa mwandishi, aliwaweka wakubwa hao pamoja na udhaifu wao mbele ya msomaji ambaye hakuwa amezaliwa bado. Cheo chake cha serikali leo kinawashughulisha watafiti wachache tu, lakini bila kitabu chake maarifa juu ya Usambara ya kale yangekuwa na pengo kubwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uhuru wa Abdallah ulitokana na ushujaa wake peke yake. Wakati sehemu za kitabu zinachapwa, dola ya Vuga ilikuwa imevunjika: Semboja alifariki mwaka 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa alinyongwa na Wajerumani. Mwandishi aliweza kusema mengi kuhusu Wakilindi kwa kuwa hawakuwa tena na uwezo wa kumdhuru, na aliyasema kupitia mashine za uchapaji za wageni waliokuwa na malengo yao. Msanii naye ana tajiri wake, ana mchapishaji, ana mdhamini. Kazi yake hupata upenyo pale ambapo nguvu moja imelegea na nyingine haijabana. Kinachomtofautisha na mwanasiasa ni kwamba kazi yenyewe haiozi ikikosa upenyo leo, ilhali uamuzi wa kisiasa uliocheleweshwa kwa miaka 30 kwa kawaida hauna tena mtu wa kumsaidia.

Enzi ya Waingereza ilitoa mfano wenye uchungu wa mwanasiasa aliyekabwa na ridhaa mbili zinazopingana. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ambao baadaye ulienezwa sehemu nyingine za Usambara, na kwa mpango huo wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko, yaani kuchukuliwa kwa udongo wa juu na maji ya mvua. Tatizo la udongo lilikuwa la kweli, jambo ambalo haki inataka litamkwe. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, wengi waliona matuta yanawapunguzia mavuno, na waliokataa walitozwa faini au kupelekwa barazani. Aliyetakiwa kusimamia amri hizo mbele ya watu ni mfalme, Mputa Magogo, ambaye mshahara na cheo chake vilitegemea serikali na ambaye heshima yake ilitegemea wakulima. Akiwaridhisha maafisa aliwaudhi wakulima, na akiwasikiliza wakulima alihatarisha kiti. Feierman anaonyesha jinsi wakulima walivyolijadili jambo hilo kwa lugha ileile ya mababu, ya mvua na ya nchi kudhuriwa, na jinsi chuki dhidi ya matuta ilivyowapa wanaharakati wa TANU, chama kilichodai uhuru, udongo wenye rutuba milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekufa, na haikupita miaka mingi baada ya uhuru utawala wa machifu nao ukafutwa kisheria, mwaka 1963.

Katika miaka hiyohiyo, chini ya milima, katika mkoa uleule wa Tanga, aliishi karani wa serikali aliyejulikana kwa jina la Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, akautumikia utawala wa kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30, na mwaka 1951 akachapisha Kusadikika, hadithi ya nchi iliyoko angani ambamo kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na anajitetea kwa kueleza mikasa ya wajumbe waliotumwa kuitafutia nchi mema na walioishia kutupwa gerezani waliporudi. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo karani aliyetaka kupanda jukwaani alilazimika kuchagua kati ya jukwaa na mshahara. Shaaban Robert hakupanda jukwaani. Kitabu chake kiliwafikia watu kwa njia ambayo waraka haukuiona, kwa sababu haukuwepo uwezekano wa kumshtaki mtu kwa kuikosoa serikali ya angani. Alifariki mwezi Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika, na wengi kati ya waliokisoma Kusadikika darasani waliingia shuleni baada ya mwandishi wake kwenda kaburini. Mwanasiasa hawezi kufanya kazi kwa namna hiyo, maana kura haipigwi kwa mafumbo na bajeti haipitishwi kwa istiari, yaani kwa kukiita kitu jina la kingine ili maana yake ya ndani ijitokeze.

Uwezo wa kungoja haumkingi msanii na mateso ya leo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa kifungo kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa uliouliza Kenya inaelekea wapi, akakaa gerezani kuanzia mwaka 1969 hadi 1972, na humo gerezani akatunga mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipewa tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi. Mtu yuleyule, akisema kisiasa, alipata gereza. Akisema kishairi, alipata tuzo. Nchini Tanzania, mwezi Machi 2017, mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake Wapo, kisha akaachiwa baada ya Rais John Magufuli kuagiza aachiwe na wimbo uendelee kupigwa. Wapenzi wa muziki walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi, lakini tukio hilo lilionyesha pia udhaifu mkubwa: uhuru unaotolewa kwa neno la mkubwa unaweza kuondolewa kwa neno la mkubwa, na msanii anayeutegemea anaishi kwa hisani. Uhuru wa kweli wa sanaa unahitaji sheria inayomlinda hata yule ambaye wimbo wake haumpendezi mtu yeyote ikulu.

Wapo pia waliovuka mpaka. Rashidi Kawawa aliigiza katika filamu miaka ya 1950 kabla ya kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Julius Nyerere, akiwa Rais, alichapisha mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo kisa chake kikuu ni kuuawa kwa mtawala na watu wanaodai kuitetea jamhuri. Si viongozi wengi duniani ambao wangechagua kisa hicho kuwapa wananchi wao katika miaka ya mwanzo ya utawala. Katika kizazi cha muziki wa kufokafoka, Joseph Mbilinyi, anayejulikana kama Sugu, aliingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo la Mbeya Mjini, na Joseph Haule, ndiye Professor Jay, akaingia mwaka 2015 kwa jimbo la Mikumi. Wote wawili walipoteza viti katika uchaguzi wa 2020. Professor Jay alikuwa ametunga zamani wimbo Ndio Mzee, uliowachora wanasiasa wanaoahidi yasiyowezekana, na miaka ya baadaye yeye mwenyewe alisimama mbele ya wapiga kura akiwa na ahadi. Hilo si la kumcheka. Ni uthibitisho kwamba kazi hizo mbili zinadai mambo tofauti kutoka kwa mtu mmoja, kwani mwimbaji anaweza kuonyesha kidonda na kuondoka, ilhali mbunge huulizwa dawa iko wapi. Kiti chake kilikwenda kwa mwingine, lakini wimbo haukupigiwa kura na haukuweza kushindwa.

Mfano ulio karibu zaidi na Lushoto, wilaya ya Usambara ya magharibi, ni wa Hamis Mwinjuma, msanii ajulikanaye kwa jina la MwanaFA, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Muheza, wilaya inayoanzia tambarare na kupanda hadi misitu ya Amani katika Usambara ya mashariki, na ambaye mwaka 2023 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara inayoshughulikia utamaduni, sanaa na michezo. Mkulima wa Amani anayelalamikia barabara hampimi kwa ufundi wa vina, hata kama anazijua nyimbo zake kwa moyo. Anampima kwa barabara. Hapo mvua ya Simba Mwene imerudi kwa sura ya lami, maji ya bomba na dawa za zahanati, na kipimo hicho ni cha haki. Wanaowadharau wanasiasa wote kwa jumla husahau kwamba lazima awepo mtu wa kuamua fedha kidogo zilizopo ziende kwenye daraja gani, na kwamba uamuzi huo hauwezi kungoja kama shairi linavyoweza.

Lililo baya ni pale msanii anapokubali kupimwa kwa kipimo cha mwanasiasa bila kuwa na madaraka ya mwanasiasa. Wakati wa kampeni, vikundi vya mdumange na ngoma nyingine za Wasambaa huitwa viwanjani kukusanya watu kabla ya mgombea kufika, hulipwa posho ya siku, na kisha husahauliwa hadi uchaguzi mwingine. Ngoma hiyo ina maarifa ya kale zaidi ya chama chochote cha siasa nchini, lakini ikichezwa kila mara kwa ajili ya mgombea, vijana huanza kuiona kama sehemu ya kampeni, na kikundi kikizoea posho hupoteza uwezo wa kusema jambo ambalo mlipaji hataki kulisikia. Mtambaji wa hadithi ya Mbegha aliwasifu watawala na bado akawafunga kwa sifa hizo. Kikundi kinachorudia jina la mgombea hadi sauti ikauke hakimfungi kwa lolote.

Halmashauri za Lushoto na Bumbuli zina nafasi ya kurekebisha hali hiyo kwa gharama ndogo. Habari za Wakilindi ni kitabu ambacho mwanafunzi wa Soni, Mlalo au Mtae hakutani nacho kwa urahisi, ingawa kinaeleza vilima anavyovipita kila asubuhi akienda shule. Kinastahili kuchapwa upya kwa bei ambayo mzazi anaimudu na kuwekwa katika maktaba za shule za sekondari za wilaya zote za Usambara, pamoja na Kusadikika. Wazee wanaojua nyimbo za ngoma warekodiwe sasa, walipwe kwa kazi hiyo kama mafundi wengine wanavyolipwa, na walipwe katika miaka isiyo ya uchaguzi. Na wasikilizaji walio na babu au bibi anayejua kisa cha Mbegha kwa namna isiyofanana na ile iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi wanaombwa wamkalishe chini wiki hii, wamsikilize hadi mwisho, na wayaandike maneno yake kama alivyoyasema.